Fiti, Anfiti: Historia Fupi ya Ini Mwembe Tayari

Ukipita Mwembe Tayari baada ya isha, utawatambua wanaosafiri mbali kwa kuangalia mikono tu. Anayekwenda Voi au Mtito Andei ameshika kikapu, gunia la madafu, mtoto. Anayekwenda mbali kweli ameshika bahasha ya kaki, na haiachi hata akiwa anakunywa chai. Ndani mna pasipoti, picha ndogo zenye mandhari nyeupe, cheti cha kuzaliwa, na karatasi ya medikali. Basi la usiku litamfikisha Nairobi alfajiri, na ndege itamfikisha Riyadh, Doha au Dubai. Karatasi zote za bahasha hiyo zina kazi, lakini moja ndiyo yenye neno linalofungua mlango: fiti.

Jina lenyewe la mahali hapa ni la safari. Wazee wana simulizi zaidi ya moja, lakini zote zina mwembe, zote zina watu waliokusanyika chini yake wakingoja amri, na zote zina neno tayari. Simulizi inayorudiwa zaidi ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia: wapagazi wa jeshi la Mwingereza walikusanywa hapa kabla ya kupelekwa kumfuata Mjerumani Tanganyika, na wakiitwa walitakiwa kuitikia kwamba wako tayari. Tayari kwa lipi, hilo hawakuelezwa. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ndimi zetu zikakifanya Kariakoo, jina ambalo leo watu wanalijua kama soko la Dar es Salaam na kusahau kwamba lilikuwa kambi ya watu waliobebeshwa mizigo mpaka wakafa.

Na walikufa wengi. Mwaka 1917 ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Kamatakamata ya nchi nzima ilisimamiwa na John Ainsworth, na kikosi chenyewe kilikuwa chini ya Oscar Watkins. Hesabu rasmi ya waliokufa inapita 40,000, na wengi wao hawakuguswa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na chakula kibovu. Pale kwenye barabara ya Jomo Kenyatta kuna mnara wa kuwakumbuka Waafrika wa vita hivyo, sanamu za shaba zinazotazama matatu na tuktuk siku nzima. Majina ya waliokufa hayapo. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayoshughulikia makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika na Wahindi wengi hawakukumbukwa sawa na wenzao Wazungu, na kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa jina au hawakukumbukwa kabisa.

Naileta historia hii kwa sababu ya jambo moja dogo. Mpagazi alikaguliwa mwili kabla ya kubebeshwa. Mzungu alimtazama macho, kifua, miguu, kisha akaamua. Waliokuwa wagonjwa au dhaifu mno walirudishwa makwao. Mwaka 1917, kuambiwa hufai ilikuwa bahati. Mtu alirudi kwa mamake. Miaka mia moja na kitu baadaye, kijana akiambiwa hafai katika mji huohuo, analia.

Baada ya vita, ukaguzi wa mwili ulipata karatasi yake. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutumika vita vilipokwisha, na kila mwanamume mzima akatakiwa kubeba kipande. Karatasi ilikaa ndani ya kijikebe cha bati kilichoning'inia shingoni, imeandikwa alama za vidole, mwajiri, mshahara. Ulikuwa hujui kusoma lakini umebeba maandishi yanayokuhusu, na kila aliyekutana nawe mwenye mamlaka aliyasoma. Kipande kilikwisha, lakini tabia yenyewe haijaondoka: mwili wako, maelezo kwenye karatasi, na mtu mwingine ndiye anayeelewa maana yake.

Sasa tuje kwenye medikali.

Nchi sita za Ghuba, yaani Saudia, Imarati, Qatar, Kuwait, Bahrain na Oman, zina utaratibu mmoja wa kuwapima wafanyakazi wanaotoka nje. Zamani watu waliuita GAMCA. Siku hizi unapita kwenye mfumo wa mtandaoni unaoitwa Wafid. Unapimwa Ukimwi, kaswende, kifua kikuu, mimba kwa wanawake, na homa ya ini ya virusi B na C. Ukikutwa na kirusi cha B au C, unaandikwa anfiti, na jibu hilo linaonekana nchi zote sita. Huwezi kukataliwa Saudia ukajaribu Qatar. Hauulizwi kama una dalili. Hauulizwi kama ini lako linafanya kazi vizuri, ingawa wengi wa hao wanaokataliwa wana ini zima kabisa na wataishi nalo miongo. Na hii ndiyo njia ambayo vijana wengi wa Pwani hujua kwa mara ya kwanza kwamba wana ugonjwa. Njia nyingine ni kutoa damu: ukichangia, damu hupimwa Ukimwi, kaswende na homa ya ini B na C kabla ya kupewa mgonjwa. Yaani unajua kwa sababu ulitaka kuondoka, au kwa sababu ulitaka kusaidia.

Jirani yetu mmoja, nitamwita Dada tu, alijua kwa njia ya kwanza. Alikuwa na miaka 26, mkataba wa kazi ya nyumbani upo, pesa za wakala zimeshalipwa kwa mkopo wa chama cha akina mama. Kituo kilichompima, ambacho sitakitaja, kilimpa karatasi dirishani. Akauliza, "Ni nini hii?" Akaambiwa, "Nenda hospitali ya serikali, watakueleza. Anayefuata!" Elimu yote aliyopata kuhusu ugonjwa wa maisha ilikuwa maneno hayo. Alirudi nyumbani na mamake akamwambia, "Mwanangu, usimwambie mtu." Kesho yake kikombe chake kilikuwa kimetiwa tone la rangi ya kucha chini ya mshikio, nyekundu, kisichanganyike na vya wengine.

Ugonjwa huu umekuwa na bahati mbaya hata kwenye majina. Kwa Kiswahili tunasema homa ya ini, lakini wenye virusi hivi wengi hawana homa. Mtaani watu husema manjano, kwa sababu macho yakigeuka rangi ndipo wanapoamini kuna kitu, na wengine hulichanganya na homa ya manjano, ugonjwa mwingine kabisa unaoletwa na mbu. Tuna pia neno safura, la asili ya Kiarabu lenye maana ya unjano na nyongo, ambalo kwetu lilihama likaenda kuwa jina la ugonjwa wa minyoo. Ini lenyewe kwenye lugha yetu ni nyumba ya uchungu: mtu akiumizwa sana tunasema amekatwa maini. Kamusi zinajua jambo ambalo karatasi ya dirishani haikujua.

Na huo mchanganyiko wa homa ya ini na homa ya manjano una kisa cha kweli ndani yake, kisa cha kusikitisha na cha kuchekesha kidogo. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliwachanja askari wake dhidi ya homa ya manjano. Chanjo ilikuwa imetengenezwa kwa kuchanganywa na maji ya damu ya binadamu, na damu hiyo ilikuwa na virusi ambavyo hakuna aliyevijua. Askari takriban 50,000 waligeuka manjano. Uchunguzi uliofanywa miongo baadaye ulikadiria kwamba walioambukizwa walifika 330,000. Walikingwa na homa ya manjano, wakapewa manjano. Na haikuwa mara ya kwanza. Mjini Bremen, Ujerumani, daktari aliyeitwa Lürman aliandika mwaka 1885 kuhusu wafanyakazi 1,289 wa kiwanda cha meli waliochanjwa ndui kwa majimaji yaliyotoka kwa watu wengine. 191 wakapata manjano. Kwa hiyo kabla kirusi hakijaonekana, kilikuwa kimeshaacha nyayo, na nyayo zake zilipita kwenye sindano.

Kirusi cha B kilianza kuonekana kama alama tu kwenye damu. Baruch Blumberg, Mmarekani aliyekuwa akitafuta tofauti za damu baina ya watu wa dunia, alikuta protini ya ajabu kwenye damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, akaitangaza 1965. Hakuwa akitafuta homa ya ini hata kidogo. Alipata tuzo ya Nobel 1976, na siku yake ya kuzaliwa, Julai 28, ndiyo sasa Siku ya Homa ya Ini Duniani. Kirusi cha C kilikuja kutambuliwa 1989. Chanjo ya B ilipatikana 1981. C haina chanjo mpaka leo, lakini ina dawa inayoponya. B ina chanjo, lakini haina dawa ya kukimaliza. Ukikumbuka hilo tu umewashinda watu wengi mtaani, na maofisa wengi pia.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Mji wa Kale wangelipenda, kama lingekuwa habari njema. Virusi vya B si vya jana. Vimekutwa kwenye mifupa na meno ya watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita. Vina makabila yake, na kabila moja, liitwalo A1, limeenea Afrika na pia linaonekana Asia ya Kusini na Bara Arabu. Watafiti wanaofuatilia ukoo wake wanaona kwamba lilitoka Afrika, na kwamba lilisafiri na binadamu: kwa biashara, na kwa utumwa, kupitia njia za Bahari ya Hindi. Majahazi yaleyale yaliyobeba boriti, pembe na watu yalibeba na hiki. Waliouzwa hawakukaguliwa ini. Leo wajukuu wa pwani ileile wanagonga mlango uleule kwa hiari yao, wakitafuta mshahara, na mlango unawauliza kuhusu kirusi ambacho huenda kiliingia huko kikiwa ndani ya miili ya mababu zao waliofungwa kamba.

Kwani hatari yenyewe ni ipi? Tuiseme vizuri, maana kikombe cha Dada hakitajiosha chenyewe. Kirusi cha B hupita kwa damu na majimaji ya mwili: mama kwa mtoto wakati wa kuzaa, ngono, sindano, wembe, mswaki wa kuazimana. Hakipiti kwenye sahani, kikombe, mkono, busu la shavu, wala wali aliopika mtu. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake mara nyingi hukishinda. Ni chini ya 5 kati ya 100 wanaobaki nacho. Lakini mtoto mchanga akiambukizwa, 9 kati ya 10 hubaki nacho maisha yote. Ndiyo maana kumkataza mtu kupika au kulea kwa sababu ya homa ya ini B hakuna mantiki ya kitabibu, na mwenye wasiwasi ana chanjo mkononi. Hili ni oni langu: utaratibu wa Ghuba haulindi afya ya nyumba ya mwajiri kadiri unavyochagua mizigo isiyo na kasoro.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na B na milioni 50 na C, na kwamba virusi hivi huua watu milioni 1.3 kwa mwaka, wengi kwa ini kusinyaa na saratani yake. Takwimu za vifo tunazipata. Lakini maisha ya aliye hai je? Nani anayapima?

Yanapimwa, kwa kiasi. Kuna dodoso moja maarufu la Kimarekani lenye maswali 36, SF-36, ambalo lilitiwa kwenye Kiswahili Tanzania, na kazi hiyo ikachapishwa 1999. Mwaka huohuo kulitoka jingine la wagonjwa wa ini pekee, CLDQ, lenye maswali 29: uchovu, tumbo, usingizi, hasira, wasiwasi, kwa wiki mbili zilizopita. Ni kazi ya maana. Ilisaidia kuthibitisha jambo ambalo wagonjwa walikuwa wakilisema na madaktari wakilipuuza: kwamba mwenye C anaweza kuchoka hasa, mwili na akili, hata kama ini lake halijasinyaa. Lakini matokeo yaliyonigusa zaidi ni ya Australia, pia ya 1999. Watafiti walilinganisha watu wenye C waliojua kwamba wanayo na wenye C wasiojua. Waliojua walikuwa na alama za chini za ubora wa maisha. Kirusi ni kilekile, tofauti ni habari. Basi fikiria anayepata habari hiyo dirishani, anayefuata!

Maswali 29 hayaulizi kuhusu rangi ya kucha kwenye kikombe. Hayaulizi kama umewahi kumeza kidonge chooni. Hili la kidonge ni refu. Dawa inayotuliza kirusi cha B ni tenofovir, na hiyohiyo ni sehemu ya dawa za Ukimwi. Mwenye Ukimwi huipata bure kwenye kliniki yake, na inamtibu yote mawili. Mwenye B peke yake mara nyingi hujilipia dawa, na hujilipia vipimo vya kuhesabu virusi, ambavyo ni ghali kuliko dawa. Kisha watu wakiiona ile chupa nyeupe wanahitimisha wanavyojua. Nimesikia mtu akisema, kwa sauti ya mzaha lakini si mzaha, kwamba bora angekuwa na Ukimwi: angekuwa na kliniki, mshauri, kikundi, na wimbo wa redio. Harakati za Ukimwi zilipigana miaka mingi mpaka zikapata hayo, na hakuna haja ya kuzionea wivu. Ila inaonyesha pengo lilipo.

Ndoa nayo haimo kwenye dodoso. Posa ikija, unasema lini? Kabla ya mahari au baada? Jibu la kitabibu ni jepesi: mwenzako apimwe, achanjwe, mambo yaendelee. Jibu la kijamii linapitia kwa shangazi watatu.

Na kuna wale ambao hata bahasha ya kaki hawajawahi kuishika. Unga uliingia Mombasa na Malindi miaka ya 1980, wa kahawia, wa kuvuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja mweupe, na vijana wakaanza kujidunga. Sindano moja ilizunguka maskani nzima, na kirusi cha C kikazunguka nayo. Mwaka 2012, mpango wa kugawa sindano safi ulipotangazwa, baadhi ya viongozi wa dini Pwani waliupinga vikali, wakiuona kama kibali cha haramu. Mpango ukaendelea, mashirika kama Reachout na MEWA yakabaki na vijana hao, na methadoni ikafika Pwani baada ya kuanza Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Dawa ya kuponya C ilipoidhinishwa Marekani, Desemba 2013, dozi ya wiki 12 iliuzwa dola 84,000, kidonge kimoja dola 1,000. Leseni za kutengeneza ya bei nafuu India zikaishusha mpaka dola mia kadhaa, na baadaye chini ya 100 kwenye baadhi ya mikataba. Teja anaweza kupona C kwa wiki 12. Swali ni kama kuna mtu atakayempima kwanza, maana kwa yeye hakuna wakala anayemhitaji fiti.

Turudi kwa B, na kwa umri wako wewe unayesoma. Kenya iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwenye chanjo za watoto baina ya 2001 na 2002, ndani ya ile sindano moja ya magonjwa matano, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kama umezaliwa baada ya hapo na kadi yako ya kliniki imejaa, kuna uwezekano mkubwa umekingwa. Kama umezaliwa 1999 kama Dada, hakuna aliyekuchanja utotoni. Mstari umepita katikati ya familia: kaka mkubwa huku, mdogo kule. Na hata ratiba hiyo iliacha mwanya, kwa sababu mtoto wa mama mwenye kirusi anahitaji chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kabla ya wiki ya 6 kumkuta ameshachelewa.

Daktari wa hospitali ya serikali, alipompata Dada hatimaye, alimwambia awalete wa nyumbani wote wapimwe. Walikwenda Jumamosi moja, watu watano kwenye tuktuk mbili. Wadogo zake wawili walikuwa salama, wamechanjwa utotoni. Babake salama, akaanza chanjo siku hiyohiyo. Mamake alikuwa nacho. Alikuwa nacho miaka yote, akipikia arusi za mtaa mzima, na hakuna aliyeugua kwa pilau lake.

Hawakuongea kwenye tuktuk. Usiku ule mama alichukua kile kikombe na ukucha wa kidole gumba akaikwangua rangi mpaka ikatoka, akamtilia bintiye chai, kisha akajitilia mwenyewe. Siku hizi wanakwenda kliniki pamoja kila miezi sita, kupimwa ini. Mama ndiye aliyeanzishiwa tenofovir. Dada bado hahitaji. Ana kibanda cha viatu vya mitumba hatua chache kutoka ofisi za mabasi, na wateja wake wengi ni wasafiri wa usiku wanaokumbuka dakika ya mwisho kwamba Nairobi ni baridi. Mkopo wa chama umebaki miezi minne.